Mistari Kumi na Mmoja Chini ya Kopo

Nywele zangu zimeota, isipokuwa mahali pamoja. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana huenda unayesoma umefunga kitambaa kichwani na hutaki maneno mengi kabla ya kujua kama zinarudi. Zinarudi. Si zote, na si haraka, lakini zinarudi. Sasa unaweza kusoma taratibu.

Mimi nimeishia darasa la saba. Nina mazoea tu ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari, tangu nilipofungua saluni yangu hapa Kilosa, chumba kimoja karibu na stesheni, kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa. Haya nimeyatoa humo. Mahali nilipoandika kwa hasira nimerekebisha, na nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake hata sabuni tuliipangia foleni, na nywele tulipaka mafuta ya nazi tukasuka, basi. Halafu maduka yakaanza kujaa. Dawa za kulainisha nywele zikaja kwa makopo yenye picha ya mwanamke anayecheka, nywele zimemlalia mpaka begani. Kila msichana wa Kilosa akataka kufanana na kopo.

Dawa nilikuwa nanunua Mikumi, kwa Mama Neema. Mikumi iko barabara kuu, malori ya Zambia yanapumzika pale, na kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka yanapoegeshwa. Nilipanda gari la asubuhi, nikarudi na la mchana, makopo ndani ya kapu, nimeyafunika kanga kama mtoto mchanga. Kwa miaka miwili hakuwahi kunipa kopo bovu. Lazima hilo nalo liandikwe.

Kazini nina desturi mbili. Ya kwanza, kopo jipya silianzi kichwani mwa mteja. Nakata shungi moja nyuma ya sikio langu, napaka, nasubiri, naosha, natazama. Ya pili, kila kichwa ninachotengeneza nachora mstari mmoja chini ya kopo kwa ncha ya pini ya nywele, ili nijue kopo limehudumia watu wangapi. Kopo la kweli hufika vichwa kumi, au kumi na kimoja vyenye nywele fupi.

Makopo yakiisha sikuyatupa. Siku zile hakuna aliyetupa kopo. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ambayo kopo lenye mfuniko lilikuwa mali. Mama mkwe wangu alitia chumvi humo, jirani alitia mafuta ya taa, mwingine alipimia mchele. Tena alikuwapo bwana mmoja wa baiskeli, alipita kutokea upande wa Kimamba, akakusanya makopo matupu na kutulipa vipande vya sabuni. Alipenda yaliyo safi, picha haijachanika. Mimi nilimwoshea kabisa. Sikumuuliza anayapeleka wapi.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, vuli ndiyo kwanza inaanza. Wifi yangu Mwajuma, mdogo wake mume wangu, alikuwa anaolewa wiki inayofuata, na alitaka nywele zake zilale kabla ya shughuli. Alikuja saa tatu, akaketi kwenye kiti kama ameshakuwa bibi harusi.

"Toka hapo," nikamwambia. "Kopo hili ni jipya. Naanza mimi."

"Wifi, wewe unaolewa na nani?"

"Siwezi kukupeleka mbele za watu na dawa ambayo sijaijua."

Akanuna, lakini akatoka.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza. Badala ya shungi moja, niliona nywele zangu zenyewe zimeshaota mizizi mipya isiyo na dawa, nikasema nipake kichwa kizima, nijaribu dawa na nipendeze harusini kwa mara moja. Nilipofungua kopo, ambalo Mama Neema alisema limekuja na lori, sikuona ile karatasi nyembamba ya fedha inayoziba mdomo. Dawa ilikuwa ya manjano kidogo, na juu yake kumejitenga maji. Harufu yake ilikuwa ya mahali wanapopika sabuni. Vyote vinne niliviona. Nikajisemea labda kiwandani wamebadilisha, mimi nani wa kujua. Ndivyo nilivyo. Nikiona jambo haliko sawa, wa kwanza kumdhania kakosea ni mimi.

Mwajuma akavaa mifuko ya nailoni mikononi, akanipaka.

"Inawasha?"

"Kidogo."

Baada ya muda akauliza tena. Nikasema bado kidogo. Ilikuwa inachoma mpaka meno. Lakini nimewaambia wanawake wengi mno kwenye kiti kile, "Vumilia, urembo ndio huo," na niliona aibu kushindwa na kitu nilichowalazimisha wenzangu. Mwajuma ndiye aliyeona.

"Wifi, kuna maji yanatoka. Siyo dawa."

Akaninyanyua kwa nguvu, akaniinamisha juu ya beseni. Bomba lilikuwa halitoi siku ile na ndoo ilikuwa nusu. Alipomaliza ndoo akakimbilia kwa jirani. Nywele zilitoka na maji, mafungu mafungu, zikaelea kwenye beseni. Nilizitazama bila kulia. Nilikuwa nawaza kwamba beseni litaziba.

Siku tatu nilikaa nyumbani. Mama mkwe alinipaka utomvu wa shubiri. Kwenye daftari niliandika kwamba shubiri yake ndiyo iliyonichelewesha hospitali. Si haki. Shubiri ilinipoza. Kilichonichelewesha ni kuona aibu kupita mjini. Jumatatu uso ulikuwa umevimba, jicho la kushoto limefunga, kichwa kinanuka. Mume wangu, Athumani, fundi wa reli, alirudi kutoka zamu akanitazama mara moja tu.

"Vaa," akasema. "Twende."

Hospitali ya wilaya nilipewa sindano siku saba, na kusafishwa kidonda kila asubuhi. Nesi aliyeninyoa nywele zilizobaki aliniomba radhi kwanza, kisha ndipo akashika wembe. Sijamsahau. Wapo wanaofanya vizuri kazi ya mikono yao wasijue wamefanya zaidi ya hiyo.

Ubao wa kungojea nje ya chumba cha vidonda naujua kuliko kitanda changu. Ulikuwa na msumari umejitokeza mwisho wa kulia, na kila mgeni alikaa juu yake, akaruka, akahama. Mimi nilisimama. Nilitembea mpaka mlango wa dawa, nikarudi, nikasoma tangazo la chanjo, nikarudi. Kukaa sikuweza, kana kwamba nikikaa kidonda kitanipata. Siku ya pili mama mmoja wa Kisukuma, aliyetoka Mvumi na mtoto aliyeungua uji, aliniambia:

"Dada, keti. Unanichosha macho."

Nikaketi.

"Na wewe uji?"

"Dawa ya nywele."

Akafikiri. "Ilikumwagikia?"

"Hapana. Nilipaka."

"Ulipaka mwenyewe?"

"Nilipakwa. Na wifi."

Akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, na kucheka kukanivuta ngozi ya kichwa mpaka machozi yakatoka. "Nisamehe," akasema, bado anacheka. Tulikutana pale wiki mbili. Mwanawe alipona kabla yangu. Siku ya mwisho akaniachia mahindi mawili ya kuchemsha, ya moto, yamefungwa kwenye maganda yake.

Nieleze mwili, kwa sababu hakuna aliyenieleza mimi. Wiki ya kwanza ni usaha na joto. Wiki ya pili gamba linakauka, na linawasha kuliko lilivyouma. Usikune, funga mikono ikibidi. Utasikia upepo mahali ambapo hujawahi kuusikia. Jua litakuuma kama kofi. Utaona umbo la kichwa chako na litakushangaza. Langu lina bonde nyuma, kumbe. Na utajishika, utajishika, utajishika, hata mbele za wageni.

Mganga wa hospitali aliyenitibu nilimuuliza kila mara swali lile lile, zitaota? Hakunidanganya. Aligusa kwa kidole. "Hapa pekundu zitaota. Hapa peupe siwezi kukuahidi." Peupe palikuwa juu ya sikio la kulia, ukubwa wa mdomo wa kikombe.

Mimi nilichotaka kujua zaidi sikumuuliza, kwa sababu hakikuwa kazi yake. Nani ataketi kwenye kiti cha msusi mwenye kichwa cha hivyo?

Mwajuma aliolewa nywele zake zimesukwa, amependeza sana, na mimi nikakaa nyuma ya akina mama wengine nimejifunga mitandio miwili. Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mama mkwe alisema mbele yangu, "Nywele zangu hazijawahi kuona dawa ya kopo, na zipo." Athumani alimjibu kwa Kisagara, lugha ya kwao, kwa ukali, na mama akasusa chakula siku nzima. Mimi nikawa katikati, maana nilikubaliana na mama. Binti yangu Hadija, wa miaka sita, hakutaka nimbebe. Lakini Mwajuma, ambaye nilidhani atanikasirikia kwa kumharibia wiki yake ya furaha, alikuwa anatoka kwa mumewe kila asubuhi kuja kunibadilishia kitambaa cha dawa. Alikuwa anajiona ndiye aliyeniunguza.

"Kaa sawa, embe," ananiambia. "Umeiva upande mmoja tu."

Sikupumzika. Saluni ilikuwa imefungwa, lakini nilienda kila siku, nikafagia mahali safi, nikapanga vitana kwa urefu, nikapangua. Wakati mmoja, masika yamekaribia, niliamua kuosha lile kopo, sijui kwa nini, labda kwa sababu sijawahi kuacha kopo chafu. Nikalimwaga shimoni, nikalisugua, nikaligeuza nilikaushe.

Chini yake palikuwa na mistari.

Mimi sikuwa nimechora hata mmoja kwenye kopo lile. Nikaenda nalo mlangoni, kwenye mwanga. Mistari kumi na mmoja, imesimama sawasawa, wa mwisho umepinda kama mkia. Niliujua mkia ule. Kichwa cha kumi na moja cha kopo la miezi mingi nyuma kilikuwa cha Mwajuma huyo huyo. Alinisukuma kiwiko kwa kucheka nilipokuwa nachora. Kopo hilo nililimaliza mimi, nikaliosha mimi, nikampa bwana wa baiskeli kwa sabuni.

Niliketi kwenye kiti cha wateja. Nadhani nilikaa mpaka adhana ya alasiri.

Ndani ya wiki ile Athumani alikuwa ameshapanga safari. Rafiki yake mmoja ni askari, wangekwenda wote Mikumi kumkamata Mama Neema. Nilikuwa nimekubali. Kwenye daftari kuna ukurasa mzima niliomwita mama yule majina, nimeukata kwa kalamu lakini unasomeka. Siku mbili nilikaa na kopo chini ya nguo bila kusema. Siyo kwamba nilimhurumia. Niliogopa kwamba nikisema, hata wale waliokuwa wananihurumia wataacha, na kiti changu hakitaketiwa tena na mtu.

Ya tatu nikamwekea Athumani kopo juu ya meza, limegeuzwa.

"Hii mistari ni yangu," nikasema.

Hakuelewa. Nikamweleza habari za bwana wa baiskeli. Akaligeuza, akamtazama yule mwanamke anayecheka pale ubavuni, akaligeuza tena.

"Kwa hiyo tumshitaki nani?"

"Sijui. Mwacheni nizungumze naye kwanza."

"Na akikuuzia jingine?"

Ndivyo anavyotania akiwa na hasira. Lakini askari hakwenda.

Nilikwenda Mikumi mvua zilipopungua, barabara ikiwa bado tope, kichwa kimekauka, nywele za kwanza zimetoka laini kama za mtoto. Mama Neema alikuwa anafukuza nyani kwenye ndizi zake. Ni mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea, mwanangu. Nikasema umepata duka jingine."

Nikafungua mtandio. Palepale, barabarani, madereva wanatazama. Akaweka fimbo chini.

"Kopo langu?"

"Kopo lako. Na langu." Nikalitoa kapuni nikamwonyesha mistari, nikamwambia yote, sehemu yangu kwanza, kwa sababu nilijua nikianza na yake sitafika kwenye yangu.

Akaipitishia kidole mistari ile. Kisha akasema, "Nilikwambia limekuja na lori."

"Ulisema."

"Halikuwa lori. Malori yalikata miezi miwili. Akaja bwana wa baiskeli, makopo masafi, bei nafuu. Ningekwambia baiskeli, ungenunua?"

Nikafikiri vizuri, kwa sababu alistahili jibu la kweli. "Ningenunua," nikasema. "Nilikuwa nakuamini wewe, siyo lori."

Hilo ndilo lililomliza, si kichwa changu.

Yalikuwa yamebaki manane rafuni. Tukayageuza moja moja. Mawili yalikuwa na mikwaruzo ya mtu mwingine, duara ndogo ndogo. Kumbe kuna msusi mahali fulani anahesabu kwa duara. Moja lilikuwa na chembe za chumvi kwenye ukingo wa mfuniko. Hakuna lililokuwa na karatasi ya fedha. Tuliyamwaga yote nyuma ya kibanda, kwenye shimo. Bwana wa baiskeli hatukumwona tena, si yeye Mikumi wala mimi Kilosa. Sijui kama alipika mwenyewe au naye aliuziwa. Sitamwita jina nisilolijua.

Sasa dawa nachukua Morogoro mjini, dukani kwa mama mmoja ambaye kila akiuza anafungua katoni mbele yangu na kunipa risiti yenye muhuri. Safari ni ndefu. Mama Neema naye anachukua huko huko, wakati mwingine tunabebeana. Kama wewe ni msusi, au unajipaka nyumbani, haya ndiyo ninayoyajua, na si mengi. Nunua mahali ambapo unaweza kurudi ukauliza. Geuza kopo kabla ya kulipia. Usipoona karatasi mdomoni, rudisha, hata kama muuzaji ni shangazi yako. Jaribu shungi moja, moja tu. Inapochoma, osha, wala usimwambie mtu avumilie. Na ikishatokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ujifunge chochote, watu watazame.

Saluni niliifungua tena mavuno yalipoanza. Siku ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Wanawake walipita, wakasalimia wakiwa mbali, wakatazama mtandio wangu. Ya tatu akaingia Mwajuma, tumbo limeanza kuonekana, akaketi kwenye kiti.

"Nisuke tu," akasema. "Mwenye mimba hapaki dawa, usije ukanitania. Lakini fungua mlango wote, na uvue mtandio."

"Watakiona kichwa."

"Ndiyo. Wakione huku unafanya kazi."

Nikavua. Nikamsuka mlango wazi, polepole, na pale peupe pangu panawaka jua. Kabla sijamaliza upande wa pili alikuwepo mwanamke mlangoni, akauliza kama pana nafasi, kisha akauliza niliungua na nini. Nikamjibu yote mawili.

Kitu kimoja kimebadilika. Kopo likiisha, nachukua msumari na nyundo nalitoboa chini, mbele ya mteja, matundu kumi au zaidi, mpaka mistari haisomeki. Mara ya kwanza mama mkwe alisikia kelele akaja mbio.

"Kopo zuri hivyo," akasema. "Mfuniko wake hata haujapinda. Unaliua la nini?"

Nikamwonyesha kichwa. Alikuwa amekiona mara nyingi, lakini safari hii alikitazama vizuri, akapagusa pale kwa kidole, kama yule mganga. Akalichukua kopo lililotobolewa akaondoka nalo.

Sasa anayo matano. Jioni namwona nyuma ya nyumba, ameyachovya kwenye ndoo, anamwagilia mchicha wake kwa matundu yangu, maji yanashuka mepesi kama manyunyu, na ananiuliza la sita litaisha lini.